Canter inamisi ikishapata moto: usikimbilie kushusha pampu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, nabeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam. Asubuhi inawaka vizuri na inavuta bila shida. Geji ya joto ikishafika mahali pake pa kawaida, inaanza kumisi, yaani kuwaka kwa kurukaruka. Ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, na ekzosi inatoa moshi mweupe unaowasha macho. Maji kwenye rejeta hayapungui. Miezi miwili iliyopita tulibadilisha gasketi ya silinda hedi. Fundi wangu anataka tushushe pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwenye nozeli, vile vinyunyizio vya silinda) ikapimwe. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali kwanza. Kushusha pampu, kuipima na kuirudisha kwenye taimingi (wakati sahihi wa kupiga mafuta) ni gharama kubwa, na kwa dalili ulizozieleza pampu ndiyo ninayoitilia shaka mwisho kabisa.

Tuanze na huo moshi. Moshi mweupe unaowasha macho si mvuke wa maji, ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikatoka bila kuungua. Maana yake mafuta yanafika. Silinda isiyopata mafuta nayo inamisi, lakini haitoi moshi huo. Dizeli haina plagi ya kuchoma kama petroli, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa tu. Kwa hiyo silinda moja ama haibani hewa vizuri injini ikiwa ya moto, ama nozeli yake inadondosha matone badala ya kunyunyiza.

Kabla ya kununua chochote, ijue silinda yenyewe. Kazi hii ifanyike injini ikiwa inamisi, kwa hiyo tembeza gari mpaka ugonjwa utokee, halafu uiache ikiwaka sailensa. Legeza nati ya paipu inayoingia kwenye nozeli ya kwanza, nusu mzunguko hivi, sikiliza, kisha uikaze. Nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kwenye silinda nzima, ukilegeza tu mngurumo unabadilika na injini inazidi kutikisika. Utakapolegeza ukaona hakuna kilichobadilika, na mara nyingi hata moshi ukapungua, umempata mgonjwa. Funika nati kwa kitambaa, vaa miwani, na mkono usikae mbele ya mafuta yanayoruka, kwa sababu presha ile inatoboa ngozi. Angalia pia yasimwagikie manifoldi ya ekzosi. Na wenye Canter mpya za mfumo wa komoni reli (paipu moja ya presha kubwa inayolisha nozeli zote) wasijaribu kabisa kulegeza paipu hizo: presha yake inapita bar 1,000 na inaua.

Sasa tapeti, yaani roka zinazosukuma valvu zifunguke na nafasi ndogo inayoachwa kati yake na valvu, ambazo ndizo ninazozishuku zaidi kwako kwa sababu ya ile gasketi. Hedi ikifunguliwa, tapeti hupangwa upya. Gasketi mpya ikipata moto na kupoa mara kadhaa inalala, na bolti zikikazwa tena hedi inashuka kiasi kidogo sana. Zile fimbo zinazosukuma roka urefu wake haubadiliki, kwa hiyo nafasi ya tapeti inapungua. Kama valvu nazo zilisagwa, zinaendelea kujikalisha kwenye siti zake na nafasi inazidi kupotea. Injini ikiwa baridi huoni kitu. Ikipata moto, valvu ya ekzosi, ambayo ndiyo yenye joto kuliko zote, inarefuka, inakosa nafasi, na kichwa chake hakifungi sawasawa. Hewa inavuja, dizeli haiungui, moshi mweupe unatoka.

Madereva wengi hufurahia injini isiyogonga tapeti. Mimi injini iliyonyamaza kupita kiasi baada ya hedi kufunguliwa inanitia wasiwasi zaidi kuliko inayolialia kidogo.

Zipime injini ikiwa imelala usiku kucha. Kwa 4D33 ni milimita 0.40 kwa inteki (valvu ya kuingiza hewa) na ekzosi (ya kutoa moshi), injini baridi. Anayepima ya moto kwa kipimo hicho anajidanganya. Weka silinda ya kwanza juu kwenye kompresheni (pistoni iko juu kabisa, imebana hewa), roka zake mbili zikiwa zimelegea na za silinda ya nne zimebana. Hapo unapima inteki na ekzosi ya kwanza, inteki ya pili na ekzosi ya tatu. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, upime ekzosi ya pili, inteki ya tatu na zote mbili za nne. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ipite kwa kukwaruza kidogo. Ukikuta roka ambayo geji ya 0.40 haiingii kabisa, na ni ya ile silinda uliyoipata kwa kulegeza paipu, umemaliza. Irekebishe leo, kwa sababu valvu isiyokaa kwenye siti haipoi, na ikiungua kingo utarudi kuifungua hedi.

Tapeti zikiwa sawa, hamisha nozeli ya silinda mbovu uipeleke ya jirani, na ya jirani uilete pale, na washa za shaba (vile vipete vya chini ya nozeli) ziwe mpya. Tatizo likihama, nozeli ndiyo mbovu: sindano yake inakwama ikipata moto, ipeleke ikapimwe. Likibaki palepale, omba kipimo cha kompresheni cha silinda zote injini ikiwa ya moto. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, ni valvu, ringi au gasketi.

Upepo (hewa) kwenye mafuta sidhani, maana upepo humisisha ovyo, leo silinda hii kesho ile. Ila kama zoezi la paipu halikukupa silinda moja ya kudumu, kagua hosipaipu na klipu kutoka tangini mpaka pampu ndogo ya kuvutia. Upande huo unanyonya, kwa hiyo unaweza kuvuta upepo bila kuvuja hata tone.

Pampu utaishusha pale tapeti, nozeli na kompresheni vyote vikiwa safi na silinda ileile bado inakataa. Na kama umewahi kujaza dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, mwambie mpimaji wa pampu mapema, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi na planja (vipistoni vya ndani ya pampu) huchakaa haraka.

Niandikie namba ya silinda uliyoipata na nafasi ya tapeti zake kabla hujazigusa.