Ni Bei Iliyouza Kanga, au ni Sikukuu?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi na shemeji yangu tunauza kanga mjini Chake Chake. Mwezi wa Shaabani tuliuza doti 40 kwa shilingi 12,000 kila doti. Ramadhani tukashusha bei hadi 10,000, tukauza doti 70. Shemeji anasema wateja wanafuata bei, kwa hivyo tuishushe mwaka mzima. Doti hutufikia dukani kwa shilingi 8,000. Nahisi hoja yake ina kasoro, lakini kila nikitaka kumjibu nashindwa kuionesha.

Muuza kanga, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu ssalam. Kasoro unayoihisi haimo katika aliyoyasema shemeji yako, bali katika aliyoyaruka. Ametoka kwenye "tulishusha bei, mauzo yakapanda" akafika kwenye "mauzo yalipanda kwa sababu ya bei", na katikati ameacha dhana asiyoitamka: kwamba mwezi ule hapakuwa na jambo jengine lililowaleta wateja dukani.

Dhana ya namna hii hupimwa kwa kuikanusha, kisha kuangalia kama hoja bado imesimama. Tuseme wateja wale wangenunua hata kwa 12,000, kwa kuwa Sikukuu ilikuwa inakaribia na kila nyumba ilitaka nguo mpya. Hapo hoja yote inaanguka, na ndipo tunapojua kwamba ameiegemea dhana hiyo, apende asipende. Lakini usimbebeshe asichokihitaji. Ukimwambia kwamba anadhani wateja hawajali ubora, atakujibu kwa haki kuwa hakusema hivyo, wala hoja yake haihitaji jambo hilo.

Ipo dhana nyengine: kwamba kanga za miezi yote miwili zilikuwa zile zile. Wewe mwenyewe unaona kila siku jinsi jambo hilo lilivyo na uzito. Mteja huikunjua kanga na kusoma kwanza jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na aghalabu bei huiuliza baadaye. Ikiwa Ramadhani mlileta majina mapya, basi bidhaa ya miezi hiyo miwili haikuwa moja, na ulinganisho wa shemeji unalegea zaidi. Waulizeni pia majirani ambao hawakushusha bei: ikiwa nao waliuza zaidi, sababu ni msimu. Mwezi wa Mfunguo Mosi, yaani wa kwanza baada ya Ramadhani, nao uangalieni, kwani huenda baadhi ya wanunuzi wa Ramadhani walikuwa wale wale wa harusi za mwezi unaofuata, waliotangulia kununua tu.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni dhana kwamba kuuza kwingi ndiyo faida. Kwa hesabu zako, Shaabani kila doti ilikuachia shilingi 4,000, nazo doti 40 zikaleta 160,000. Ramadhani kila doti ilikuachia 2,000, na doti 70 zikaleta 140,000. Mmefanya kazi zaidi mkapata pungufu ya shilingi 20,000. Kwa bei ya 10,000 mnahitaji kuuza doti 80 ili mfikie tu faida ya Shaabani.

Kama shemeji bado anaitetea bei yake, ijaribuni katika mwezi usio na sikukuu, kwa mfano Mfunguo Tano, kwa majina yale yale ya kanga, mradi usiangukie mavuno ya karafuu, maana fedha za karafuu zikiingia Pemba huuza kanga bila ya punguzo lolote. Andikeni kila doti inayotoka na faida yake, kisha mkae pamoja na daftari hilo.