Ruta yangu ni DTE au DCE?

SWALI: Nasomea stashahada ya mitandao katika chuo kimoja hapa Nairobi. Maabarani tuliunganisha ruta mbili (vifaa vinavyoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine) kwa kebo ya siriali, ile inayopitisha biti moja baada ya nyingine. Anwani za IP ziko sawa, lakini laini imegoma. Mwalimu anasema upande wa DCE haujapewa saa. Nilivyosoma, DTE (data terminal equipment) ni vifaa vya mwisho kama kompyuta na DCE (data communications equipment) ni vya mawasiliano kama modemu. Ruta kazi yake si mawasiliano? Inakuwaje DTE? – Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Umeuliza jambo ambalo maelezo mengi ya darasani hulipita mbio. Mgawanyo wa kompyuta huku na modemu kule ulishika mizizi zama za RS-232, kiwango cha kuunganisha vifaa kwa siriali kilichotolewa Marekani mwaka 1960, data ilipokuwa ikipita kwenye laini za simu. DTE ndiko data inakotoka au inakoishia. DCE huigeuza iwe ishara inayoweza kusafiri kwenye laini.

Kwa ruta, usiulize ni kifaa cha aina gani. Uliza: kwenye kebo hii, nani anatoa mpigo wa saa, yaani ishara inayopanga mwendo wa kutuma na kupokea biti? Kwenye laini ya kukodi, ile ambayo kampuni hulipia iwe yake peke yake, kisanduku cha mtoa huduma ndicho DCE. Kinapiga saa, ruta ya mteja inafuata. Hata kama nyuma yake kuna ofisi nzima ya Upper Hill, kwenye laini ile ruta ni mwisho tu, yaani DTE.

Maabarani kwenu hakuna mtoa huduma, kwa hiyo ruta moja lazima ishike nafasi yake, na kebo ndiyo inayoamua ni ipi. Tazama ncha zake: mara nyingi moja imeandikwa DTE, nyingine DCE. Maandishi yakiwa yamefutika, kwenye ruta ya Cisco andika amri ya show controllers pamoja na jina la lango (tundu la ruta ambamo kebo imechomekwa). Majibu yatataja DCE au DTE. Kisha, kwenye lango la upande wa DCE, andika clock rate 64000, yaani biti 64,000 kwa sekunde. Ukiiandika upande wa DTE, ruta itaikataa.

Tofauti ya pili iko kwenye pini, na hapa wengi hupoteza pesa. Kwenye kiunganishi cha RS-232 cha pini 9, DTE hutuma kwa pini 3 na kupokea kwa pini 2. DCE ni kinyume chake. Ndiyo maana kebo iliyonyooka, ambayo kila pini huenda kwenye pini ya namba ileile, hufaa kuunganisha DTE na DCE. Ukiunganisha DTE mbili kwa kebo hiyo, zote zitatuma kwenye waya mmoja na hakuna itakayopokea. Unahitaji kebo ya kuvusha, inayopeleka pini 2 ya huku kwenye pini 3 ya kule, na kwa macho kebo hizi mbili zinaweza kufanana. Ukinunua Luthuli Avenue, omba muuzaji aipime kwa mita kabla hujalipa: pini 2 ya huku ikilia na pini 3 ya kule, hiyo ni ya kuvusha.

Kwenye Ethernet, yaani kebo za kawaida za mtandao wa ofisini, hutasumbuka na saa, kwani mpokeaji huipata ndani ya ishara yenyewe.

Sasa angalia kebo ya konsoli, ile ya buluu isiyokolea inayounganisha kompyuta na ruta ili uipe amri. Kompyuta yako ni DTE, na lango la konsoli la RJ-45 (tundu la pini 8) kwenye ruta hizo za Cisco nalo ni DTE. Kwa hiyo waya zake zimepinduliwa, 1 kwenda 8, 2 kwenda 7, hadi mwisho. Ruta ileile unayoipa saa kama DCE kwenye siriali inaongea nawe kama DTE kwenye konsoli, kwa wakati mmoja.