Kwizi ya kitabu wazi: usibonyeze "Anza" kabla faharasa yako haijakamilika

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema kwizi yako ya mtandaoni ni ya kitabu wazi, maswali 20 kwa dakika 30, na kwamba utazisoma sura ukishaifungua kwa kuwa majibu yote yamo kitabuni. Halafu ukauliza kama simu inatosha. Tuanze na hilo la kusoma ndani ya kwizi, maana ndilo litakalokumaliza.

Piga hesabu. Dakika 30 kwa maswali 20 ni sekunde 90 kwa kila swali, na ndani yake usome, uelewe, utafute na uchague. Asiyeipitia sura hutumia kirahisi dakika 3 au 4 kufukua jibu moja. Kwa mwendo huo muda unaisha akiwa swali la 8 au la 10. Yaliyobaki ni sifuri, pamoja na yale mepesi ambayo angeyajibu bila kugusa kitabu.

Wala usitegemee Ctrl+F, ile njia ya kutafuta neno ndani ya faili. Mhadhiri aliyekuruhusu kitabu anajua unacho, kwa hiyo hapotezi swali kukuuliza maana ya istilahi. Anauliza matumizi. Chukua mfano wa uchumi: bei imepanda kwa asilimia 10, kiasi kilichonunuliwa kimeshuka kwa asilimia 4, je, mapato ya muuzaji yamepanda au yameshuka? Neno "unyumbufu" (kipimo cha jinsi kiasi kinavyobadilika bei ikibadilika) halimo kwenye swali, na ukitafuta "mapato" utaletewa nusu ya kitabu. Aliyesoma anagawanya 4 kwa 10, anapata 0.4, anaona iko chini ya 1, anajua mapato yamepanda. Akitaka uhakika: 1.10 × 0.96 = 1.056, yaani ongezeko la asilimia 5.6. Amemaliza, anasonga mbele. Tena noti nyingi ni kurasa zilizopigwa skani, picha tupu, na humo kutafuta neno hakuleti chochote.

Wanaoniudhi ni hawa wanaowaambia wenzao "kitabu wazi ni alama za bure, usijisumbue". Wanaharibu watu! Pengine kwizi waliyofanya wao haikuwa na kikomo cha muda, basi wanadhani zote ziko hivyo. Na wale wanaogawa majibu ya muhula uliopita ni hatari zaidi: mfumo huweza kuchota maswali kwenye benki ya maswali, kubadilisha mpangilio wa machaguo, na kwenye hesabu kubadilisha tarakimu. Jibu B la mwenzako kwako linaweza kuwa D.

Kanuni ni moja: usibonyeze "Anza" kabla faharasa yako haijakamilika. Soma sura zote kwanza, kama vile kitabu kitafungwa. Kisha andika faharasa kwenye karatasi mbili, si zaidi. Kila mstari uwe na dhana, ukurasa, na maneno machache ya lini inatumika: "unyumbufu, uk. 94, bei na kiasi vikibadilika kwa asilimia". Hiyo sehemu ya tatu ndiyo inayookoa, kwa sababu swali linakuja na hali, haliji na jina. Fomula zote ziandike upande mmoja pamoja na vizio vyake. Ijaribu kwa maswali ya mwisho wa sura: dhana isipopatikana ndani ya sekunde 20, mstari wake uandike upya. Kwenye kwizi yenyewe jibu kwanza unayoyajua, kitabu kifunguliwe kwa kuhakiki tu. Lakini angalia kama mfumo unaruhusu kurudi nyuma; kuna kwizi ambazo ukishavuka swali limefungwa.

Saa nayo usiichezee. Ukishabonyeza, inahesabu hata ukifunga kivinjari au umeme ukikatika. Na kwenye Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi, kwizi ikifungwa saa 5:59 usiku nawe ukaanza saa 5:45, unapata dakika 14, si 30. Tafuta kwenye ukurasa wa maelekezo muda ukiisha kinatokea nini: kuna mpangilio ambao majibu yako hutumwa yenyewe, na kuna ule ambao usipotuma kabla ya saa kuisha jaribio zima halihesabiwi. Usome kabla, pamoja na mstari unaosema ni vitu gani vinaruhusiwa. Kitabu kuwa wazi hakumaanishi mwenzako kwenye simu naye yuko wazi.

Kifaa: tumia kompyuta, kwizi upande mmoja wa skrini na PDF upande wa pili, faharasa mezani kwenye karatasi. Na kwenye maswali ya kuandika namba, angalia wanataka desimali ngapi na kama kizio kiandikwe, kwa sababu mfumo hulinganisha ulichoandika na jibu lililowekwa na mhadhiri, hausomi nia yako.