Majibu kwa Wasomaji: Vita vya Anga vya Zamani Ndani ya Laptopu ya Leo

SWALI: Ndugu Mshauri, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Miaka ya tisini nilikuwa karani wa ghala, na kompyuta ya ofisini ilikuwa na gemu ya Wing Commander ambayo tulipokezana kuicheza kila jioni baada ya kufunga hesabu. Mwezi uliopita nimeikuta folda yake nzima kwenye sidii niliyoihifadhi kabatini. Laptopu yangu ya Windows 11 inakataa kuifungua, na kijana mmoja wa duka la kompyuta ameniambia kuwa sidii imeharibika. Mwanangu akaijaribu kwenye kompyuta kuukuu ya Windows 98, nayo ikafunguka, ila vyombo vinapita kama risasi na ninalipuliwa kabla sijaelewa adui yuko upande gani. Je, nitupe sidii?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu, kwa maana hiyo kompyuta kuukuu imekwisha kuitolea ushahidi kuwa ni nzima. Unachokieleza ni matatizo mawili tofauti ambayo, kwa bahati nzuri, dawa yake ni moja.

Tatizo la kwanza ni la lugha ya mashine. Gemu hiyo ilitolewa na kampuni ya Origin mwaka 1990 ili iendeshwe na DOS, mfumo endeshi wa zamani wa biti 16, ilhali Windows 11 hutolewa kwa biti 64 peke yake, na Windows za biti 64 hazina tena sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za biti 16. Tatizo la pili ni la mwendo. Waliotengeneza Wing Commander hawakuifunga gemu yao kwenye saa ya kompyuta, bali waliiacha iende kadiri prosesa inavyoweza, jambo ambalo halikuwa na madhara kwenye mashine za 286 na 386 zilizokuwapo wakati ule. Prosesa ilipoongezeka kasi, vita navyo vikaongezeka kasi.

Dawa ni programu ya bure iitwayo DOSBox, ambayo huunda ndani ya laptopu yako kompyuta nyingine ya kuigiza, yenye prosesa yake, kadi yake ya sauti na DOS yake. Nakili folda kutoka kwenye sidii na uiweke ndani ya folda nyingine, tuseme C:\gemu, kisha ufungue DOSBox na uandike mount c c:\gemu. Baada ya hapo andika c: na ubonyeze kitufe cha kuingiza, andika cd pamoja na jina la folda, halafu andika jina la faili la kuanzishia gemu. Gemu ikiwa haitoi sauti, endesha faili lake la usakinishaji upya, na ukiulizwa aina ya kadi chagua Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7 na DMA 1, kwani ndivyo DOSBox inavyojipanga yenyewe usipoigusa.

Sasa tuje kwenye mwendo, ambapo wengi hukata tamaa mapema. Juu ya dirisha la DOSBox utaona neno cycles na namba mbele yake, na hiyo namba ndiyo kasi ya prosesa ya kuigiza. Shikilia Ctrl na ubonyeze F11 ili kuipunguza, au F12 ili kuiongeza. Kwa Wing Commander anza na 3000, urushe chombo mzunguko mmoja angani, kisha urekebishe kidogo kidogo. Kipimo ninachokitumia mimi ni kugeuza chombo: nikibonyeza mshale mara moja na nyota zikasogea kwa utulivu, mwendo umefaa, zikifyatuka, ninarudi F11. Usiihamishie namba hiyo kwenye X-Wing, gemu nyingine ya vita vya anga ya 1993, kwa kuwa vyombo vya Wing Commander ni picha zilizochorwa tayari na kukuzwa au kupunguzwa, ilhali vya X-Wing huchorwa upya kwa hesabu kila mara kompyuta inapoonyesha picha, na kwa hiyo huhitaji namba kubwa zaidi.

Jambo dogo la mwisho: gemu hizi zilitengenezwa kwa picha ya nukta 320 kwa 200 iliyovutwa ili ijaze kioo cha zamani, kilichokaribia mraba. Rubani akionekana amebonyezwa utosini, badilisha mstari wa aspect kwenye faili la mipangilio la DOSBox uwe aspect=true.

SWALI: Shikamoo mwalimu, na kamwene kutoka Iringa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na laptopu yangu ni ya mtumba, inatumia Linux. Rafiki ameniambia kuwa gemu hizi za zamani hazina mwenyewe tena, kwa hiyo ninaweza kuzipakua popote. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amekosea. Gemu kuacha kuuzwa madukani hakuifanyi kuwa shamba lisilo na mwenyewe, na tena faili za kuokota mtandaoni mara nyingi huja na virusi. Duka la mtandaoni la GOG huuza nyingi, zikiwamo Wing Commander na X-Wing, na zile za DOS kwa kawaida huja na DOSBox iliyokwisha kupangwa.

Kwa asiye na fedha, ningependekeza Oolite, gemu ya vyombo vya anga ambayo ni ya bure kihalali na inaendeshwa kwenye Linux bila kuigiza chochote. Imejengwa kwa mfano wa Elite, gemu ya 1984 ambayo David Braben na Ian Bell, wakiwa wanafunzi wa Cambridge, waliweza kuiingiza kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya KB 32, pamoja na galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja. Uwe na subira siku za mwanzo. Maharamia watakusumbua, lakini kitakachokuua zaidi ni kuegesha, kwa sababu mlango wa kituo ni mwembamba na kituo chenyewe kinazunguka. Ni sawa na dereva wa Fuso anayeingia kwenye geti linalobiringika.

Ukipata fedha baadaye, nunua FreeSpace 2 ya 1999. Kampuni ya Volition ilitoa msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, mwaka 2002, na wapenzi wa gemu hiyo wameuendeleza hadi leo kwa jina la FreeSpace Open, kwa hiyo utaicheza kwenye Linux kwa picha safi kuliko ilivyozaliwa. Msimbo ni wa bure, ila faili za gemu yenyewe ni lazima uwe nazo.

SWALI: Nina joistiki ya zamani yenye plagi ya pini 15. Laptopu haina tundu lake. Nifanyeje? Msomaji, Makambako.

JIBU: Tundu hilo lilikuwa kwenye kadi za sauti za zamani na halitengenezwi tena kwenye laptopu. Vipo vigeuzi vya kuipeleka kwenye USB, lakini joistiki ya USB, hata ya mtumba, itakupunguzia usumbufu. Ichomeke kabla ya kufungua DOSBox, kwa sababu ukichelewa haitaonekana. Chombo kikipinda chenyewe ilhali hujaigusa, tafuta mstari wa timed kwenye faili la mipangilio na uuandike timed=false.