Maswali ya Wasomaji: Kwa nini Mory aliikimbia meli?

SWALI: Shikamoo mzee. Uliandika hapa kwamba Touki Bouki ya Senegal ni kati ya picha bora zilizowahi kutengenezwa Afrika. Nikaitafuta, nikakaa na mdogo wangu kuiangalia. Haikupita muda, ng'ombe wanachinjwa mbele ya kamera, damu sakafu nzima. Mdogo wangu akainuka akaenda zake. Mimi nilivumilia hadi mwisho, ila sikujua kipi kimetokea kweli na kipi ni ndoto. Halafu stelingi anafika bandarini, safari ya Ufaransa iko tayari, anageuka anakimbia! Kwa nini? Au picha hizi zinatengenezwa makusudi tusizielewe? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jina. Kwa Kiwolofu Touki Bouki ni safari ya fisi. Bouki wa hadithi za Senegal hana tofauti na fisi wetu: mlafi, hudanganyika upesi, na anayemzidi akili ni sungura, ambaye wao humwita Leuk. Unamkumbuka fisi aliyemfuata mtu njia nzima akingoja mkono udondoke? Basi Mdakar aliyeikuta picha hii mwaka 1973 alishadokezwa na jina lenyewe.

Aliyeitengeneza, Djibril Diop Mambéty, alikuwa hajafika miaka 30, na hakusomea filamu. Alitokea kwenye maigizo ya jukwaani.

Mdogo wako usimlaumu. Machinjio yale ni ya kweli, na mimi mpaka leo nageuza uso. Ila rudia ukiangalia pembe tu. Kwanza mtoto amepanda ng'ombe, kundi linakuja naye. Kisha machinjioni. Kisha Mory, huyo stelingi wako, juu ya pikipiki, na mbele kwenye usukani amefunga fuvu la ng'ombe na pembe zake. Hakuna anayetueleza kitu, lakini tangu hapo kila Mory akitia moto pikipiki yake, mimi namwona ng'ombe anayejipeleka mwenyewe.

Na sikiliza. Josephine Baker anaimba Paris, Paris, Paris, kipande kilekile, kinakatika, kinarudi, huku macho yanaona vumbi la Dakar. Picha inarukaruka kwa sababu Mory na mpenzi wake Anta, wanaoota kwenda Ufaransa, hawapo tena pale walipo. Miili iko Dakar, roho imeshapanda meli. Ndiyo maana hukujua ndoto inaanzia wapi. Wao wenyewe hawakujua.

Sasa ngazi ya meli. Anta ameshapanda. Honi inalia, na ghafla tunarudishwa kwa yule ng'ombe wa machinjioni. Mory anakimbia.

Mwanangu, mimi hapo sihitaji maelezo. Ujana wangu niliumalizia Dar, na Jumapili tulikuwa tunavuka kwenda Kigamboni kuziangalia meli zikiingia. Tulipanga kuzamia, mimi na rafiki yangu mmoja. Tulibeba mkate na dumu la maji. Usiku ule nilishika kamba ya meli, ilikuwa imelowa, ina mafuta, na mkono wangu ukakataa. Yeye alipanda. Barua yake sikuwahi kuipata. Nilipoiona picha hii miaka mingi baadaye, Mory alipogeuka nililia mbele za watu.

Siisifu yote. Pale nyumbani kwa Charlie, yule tajiri wanayemwibia nguo na gari, pamerefushwa bila sababu. Lakini si kweli kwamba ilitengenezwa ili usielewe.

Mdogo wako muanzishie La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966. Fupi, nyeusi na nyeupe, inakwenda moja kwa moja: Diouana anatoka Dakar kwenda kufanya kazi za ndani Antibes, Ufaransa, na kinyago alichowapa waajiri wake kama zawadi kinatundikwa ukutani. Yule alipanda meli. Akishamjua Diouana, mrudishe kwa Mory.

Wewe tafuta Mille soleils ya mwaka 2013, ya Mati Diop, binti wa mdogo wake Mambéty. Amemfuata Magaye Niang, aliyeigiza Mory. Humo Niang ameshazeeka, yuko Dakar bado, anaswaga ng'ombe.