Maswali na Majibu: Heparini Inaposhusha Chembe Sahani

Swali: Mgonjwa wetu wa upasuaji wa nyonga yuko siku ya 7 ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zimeshuka kutoka 240,000 hadi 90,000 na mguu umevimba. Tumwongezee chembe sahani?

Jibu: Hapana, isipokuwa anavuja damu kwa kiasi cha kutisha. Kingamwili zake zimeshika heparini iliyoungana na PF4, protini inayotoka kwenye chembe sahani zenyewe, zikaziamsha chembe sahani, nazo zinatumika kugandisha damu mishipani. Kumwongezea nyingine ni kuongeza kuni motoni. Simamisheni heparini na mwanze dawa mbadala ya kuzuia kuganda leo hii, bila kungoja maabara, kwa sababu kusimamisha peke yake hakuondoi hatari, ingawa wengi huishia hapo.

Swali: Tukihamia enoksaparini?

Jibu: Nayo ni aina ya heparini. Swali hili linarudi kila mara, kwa hiyo naongeza kwamba hata heparini ya kusafishia mpira wa mshipani huhesabiwa.

Swali: Rivaroksabani, mojawapo ya dawa mbadala, ya kumeza, hutolewaje?

Jibu: Palipo na bonge la damu, miligramu 15 mara mbili kwa siku pamoja na chakula kwa siku 21, kisha 20 mara moja kwa siku, kwa jumla ya angalau miezi 3. Pasipo bonge, 15 mara mbili hadi chembe sahani zifike 150,000. Ushahidi wake umetokana zaidi na ufuatiliaji wa wagonjwa kuliko majaribio makubwa, kwa hiyo namchagulia mgonjwa aliyetulia. Ambaye bonge linatishia uhai au kiungo chake huanza kwa dawa ya mshipani kama argatrobani. Rivaroksabani haimfai mjamzito wala mwenye figo zilizoshindwa, na anayemeza rifampisini kwa kifua kikuu atakuwa na kiwango kidogo mno damuni. Ulizeni kuhusu kifua kikuu kabla ya kuandika dawa.

Swali: Warfarini, dawa nyingine ya kumeza ya kuzuia kuganda, ni nafuu. Kwa nini tusianze nayo?

Jibu: Kwa sababu huishusha mapema protini C, ambayo huzuia damu kuganda, na mguu unaweza kuoza. Ngojeni chembe sahani zifike 150,000. Kama mmeshaianza, isimamisheni na mpeni vitamini K.

Swali: Amepona. Heparini tena baadaye?

Jibu: Iepukeni. Kingamwili kwa kawaida hutoweka katika siku 100 hivi, na upasuaji wa moyo unaweza kuleta haja ya kuirudia kwa muda mfupi baada ya kipimo kuonyesha hazipo, lakini uamuzi huo ni wa wataalamu. Ninyi andikeni tatizo hili kwenye jalada lake, na kadi yenye onyo hilo abaki nayo mwenyewe.