Maswali Yenu: Zahanati ya Mtaani, Nzuri au Bora Liende?

*Habari dada. Hapa kwetu Mbagala imefunguliwa zahanati mpya, tiles, AC, TV kubwa. Nitajuaje kama huduma ni nzuri?*

Achana na TV, angalia chumba cha daktari. Amekuuliza umeanza lini kuumwa, dawa gani umeshameza, una mzio? Amekupima presha, amekugusa hata hilo tumbo linalouma, au ameandika tu vipimo huku anachati? Halafu tazama mikono, anayemgusa mgonjwa mmoja akahamia kwa mwingine bila kunawa wala sanitaiza huyo hata AC haimuokoi. Na kipimo cha haraka cha malaria kinataka dakika 15 hadi 20, ukitobolewa kidole na majibu yakakukuta bado umeshika pamba, mmh.

*Kila nikienda naambiwa typhoid na UTI, nachomwa sindano siku tano. Kweli?*

Hahaa, hiyo pacha ya typhoid na UTI nchi nzima tunaijua. Typhoid wengi wanaitafuta kwa kipimo cha damu kinachoitwa Widal, na Widal inaangalia kinga za mwili, kwahiyo ukiwahi kuugua zamani inaweza kusoma positive na leo huumwi typhoid kabisa. Kipimo cha uhakika ni kuotesha damu maabara kuona kama vijidudu vinaota, majibu yanachukua siku kadhaa, na zahanati nyingi hazina. UTI nayo uliza mkojo umeonekana na nini, na una dalili gani. Mie zahanati inayomkuta kila mgonjwa na magonjwa yaleyale siiamini, nasema wazi, maana antibiotiki za bure bure ndo zinafanya vijidudu viwe sugu, siku ukiumwa kweli dawa inagoma.

*Naona aibu kuuliza kama anayenitibu ni daktari.*

Uliza tu, "samahani, wewe ni daktari au tabibu?" Tabibu (clinical officer, amesomea kutibu ila si daktari kamili) kukutibu zahanati ni kawaida na wengi wako vizuri sana, shida ni asiye na leseni. Madaktari wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

*Nyota wanazopewa vituo vya afya zina maana?*

Zina maana kiasi. Serikali ilianza kuvipima 2015, nyota 0 hadi 5, lakini uliza zilitolewa lini, wahudumu wanahama bwana.

*Wananisainisha fomu ya bima kabla sijatibiwa.*

Usisaini. Subiri dawa ziwe mkononi, usome kilichoandikwa, ukiona kipimo ambacho hukufanyiwa wapigie NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya.